Landrova 109 ya mwaka 1978: ikipata joto inakosa moto

Mleta uzi (Lushoto)

Wakuu, heshima zenu. Ninayo Landrova Series III, ile ndefu ya 109, ya mwaka 1978, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, niliyoachiwa na marehemu baba, na ambayo hadi leo ndiyo inayoteremsha viazi na kabichi zetu kutoka Lushoto hadi Mombo na kupandisha mbolea. Asubuhi ikiwa baridi inawaka kwa stata moja na sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, inatulia kabisa. Tatizo ni wakati wa kupanda. Nikishatoka Mombo na mzigo, baada ya kama nusu saa, nikikaribia Soni, nguvu hupungua taratibu, injini hukohoa mara mbili au tatu, kisha huzimika. Stata huzungusha vizuri lakini injini haishiki. Nikifungua boneti na kukaa kando ya barabara kwa dakika 25 hivi, inawaka kana kwamba haijawahi kuugua, kisha hunifikisha nyumbani au hunifikisha kona tatu mbele, kutegemea ukali wa jua la siku hiyo.

Katika wiki tatu zilizopita nimebadilisha plagi zote 4, koili, pointi, kondensa, rota, kepu ya distribyuta (kile kigawa moto wa plagi) na waya za plagi. Kabureta imefunguliwa na kusafishwa mara mbili. Fundi aliyekuwa akiishughulikia sasa anasema valvu zimechoka na lazima injini ifunguliwe, jambo ambalo nasita kulikubali mpaka nipate mtu wa kunieleza ni valvu gani zinazopona zikipumzishwa kwa dakika 25. Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Kama kuna vipimo vya kuchukua nitavichukua, maana mita ya umeme ninayo, na hendeli ya kuzungushia injini bado imelala nyuma ya kiti kama baba alivyoiacha.

Dereva mstaafu

Mwanangu, pole kwa usumbufu. Nimeendesha magari ya aina hiyo kwa miaka mingi, na dalili unazozieleza ni za petroli kuchemka ndani ya bomba na kuwa mvuke kabla haijafika kwenye kabureta. Mlima, mzigo, gia ndogo na jua vinatosha kabisa kuleta hali hiyo. Sisi tulikuwa tunabeba kitambaa na dumu la maji. Gari likizimika unalowesha kitambaa, unakizungushia pampu ya petroli na bomba lake, unavuta sigara moja, kisha safari inaendelea. Jaribu hilo kwanza kabla hujampa mtu yeyote fedha nyingine.

Fundi umeme (Moshi)

Shikamoo mzee. Ulichokisema kipo, nami nimekiona kwa macho yangu, kwa hiyo sikipingi. Ninachoomba ni kwamba tusikisie, kwa sababu petroli iliyogeuka mvuke na koili iliyozidiwa na joto hufanana mno kwa dereva aliyekaa kwenye usukani: zote mbili huja na joto, na zote mbili hupona kwa kupumzika. Dakika 25 zinaponya kila kitu, ndiyo maana zimekupotosha. Ukisubiri gari lipoe ndipo uanze kupima, unapima gari lisilo na ugonjwa.

Kwa hiyo, mkuu mleta uzi, safari ijayo nenda na msaidizi, spana ya plagi na plagi moja ya akiba. Gari likizimika, usisubiri hata dakika moja. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye matairi, kisha chomoa waya wa plagi moja, uvishe ile plagi ya akiba, na uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na kabureta, ukihakikisha kwamba mwili wake wa chuma umegusa vizuri. Usiishike kwa mkono. Msaidizi apige stata, nawe utazame kwa kuweka kivuli cha kofia yako, kwa kuwa juani hata cheche nzuri haionekani. Cheche ya buluu inayolia tap, tap, tap ni nzima. Ya njano na nyembamba kama uzi ni mgonjwa. Isipokuwepo kabisa, jibu umelipata. Baada ya hapo toa bomba la hewa juu ya kabureta, vuta linki ya aksileta kwa mkono huku ukichungulia ndani: kila ukivuta lazima uone mchirizi wa petroli. Ukiona mchirizi na huoni cheche, tuliache suala la petroli tushughulike na umeme. Ikiwa ni kinyume chake, basi kitambaa cha mzee ndicho dawa.

Jambo moja la tahadhari: fanya jaribio la cheche kwanza na la kabureta baadaye, usichanganye. Petroli ya wazi na cheche ya wazi havikai meza moja.

Mwenye Peugeot 504 (Nakuru)

Hamjambo nyote. Mimi ninaishi na Peugeot 504 na nilichoka na pointi zamani. Nilinunua kifaa cha elektroniki kinachokaa ndani ya distribyuta mahali pa pointi na kondensa, na tangu wakati huo sijui tena fila geji, kile kipimo cha nafasi ya pointi, ni nini. Bwana mleta uzi, badala ya kupima kitu kimoja kimoja, weka kifaa hicho ulale usingizi.

Fundi umeme (Moshi)

Bwana wa 504, kifaa hicho ni kizuri kwenye gari lisilo na ugonjwa. Kwenye gari lenye kosa ambalo halijajulikana kinaongeza kitu kingine cha kushukiwa, na kikifa pale Soni hakuna duka la kukiuza. Pointi zikifa unazisugua kwa msasa laini na kuzirudishia nafasi yake kwa kipande cha pakiti ya sigara, ukafika nyumbani. Tumalize ugonjwa kwanza.

Mleta uzi (Lushoto)

Nimerudi. Jana ilizimika kona mbili kabla ya Soni. Kitambaa nilikuwa nacho, mzee, tena nilikilowesha kwa maji ya baridi ya mtoni, lakini nilianza na jaribio la plagi kama nilivyoelekezwa. Mdogo wangu alipiga stata kwa sekunde kama kumi na sikuona kitu. Alipopiga mara ya pili nikaona cheche moja ya rangi ya chungwa, kisha ikapotea. Nilipovuta linki ya kabureta, petroli ilichirizika kila mara. Kitambaa nilikiweka hata hivyo, na hakikubadilisha chochote mpaka zilipotimia dakika zake zilezile.

Kitu kingine, nilipoegemea boneti mkono wangu uligusa koili. Niliuondoa haraka. Ilikuwa na joto la sufuria iliyotoka jikoni. Je, hiyo ni kawaida?

Fundi umeme (Moshi)

Koili huwa na joto, na ndani ya boneti yenye injini iliyopanda mlima hakuna kilicho baridi, lakini koili ambayo kiganja hakiwezi kuivumilia hata kidogo inataka kuulizwa maswali. Kabla ya vipimo niseme kwa kirefu kidogo namna mfumo unavyofanya kazi, kwa sababu mtu akiuelewa hahitaji kukariri.

Umeme wa betri hupita kwenye swichi, ukaingia koili kwenye alama ya +, ukazunguka kwenye nyuzi nene chache za ndani, ukatoka kwenye alama ya −, ukaenda kwenye pointi ndani ya distribyuta, na pointi zikiwa zimefunga unaingia kwenye bodi na kurudi betri. Muda wote pointi zimefunga, koili inajijaza nguvu ya sumaku. Shafti ya distribyuta inapozifungua, njia inakatika ghafla, sumaku inaanguka, na kuanguka huko ndiko kunakozalisha maelfu ya volti kwenye nyuzi nyembamba nyingi za koili. Volti hizo zinapita waya wa katikati, rota, kepu, na kuishia kwenye plagi. Kondensa kazi yake ni kufanya ukatikaji huo uwe wa ghafla kweli. Bila hiyo umeme unaruka kati ya pointi, zinaungua, na plagi inabaki na cheche dhaifu. Zingatia kwamba moto hutokea pointi zinapofunguka. Watu wengi hufikiri kinyume.

Sasa vipimo. Fungua kepu, na kwa hendeli zungusha injini mpaka pointi zifunge. Washa swichi bila kupiga stata, kisha kwa mita ya volti soma mambo matatu: betri yenyewe, alama ya + ya koili, na alama ya − ya koili, waya mweusi wa mita ukiwa kwenye chuma cha injini. Kwenye + tunataka volti zisipungue sana chini ya zile za betri. Zikipungua kwa volti mbili au tatu, swichi au waya umekula umeme njiani. Kwenye −, pointi zikiwa zimefunga, tunataka karibu na sifuri. Zifungue pointi kwa kipande cha mbao na usome tena. Hapo − lazima ipande hadi volti za betri. Usiache swichi imewashwa muda mrefu huku pointi zimefunga, kwa kuwa koili itachemka bure.

Baada ya hapo zima swichi, toa waya zote za koili, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), na upime kati ya + na −. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita na uandike inachosema, kwa sababu mita za bei nafuu zina omu zake zenyewe, kama 0.2 au 0.4, na hapa tunahesabu desimali. Ondoa kiasi hicho kwenye jibu.

Mleta uzi (Lushoto)

Nimevichukua asubuhi hii injini ikiwa baridi. Betri volti 12.5. Alama ya + volti 11.7 pointi zikiwa zimefunga. Alama ya − volti 0.2 zikiwa zimefunga, na 12.4 zikiwa wazi. Omu za koili: mita ilisoma 1.8, na ncha zenyewe zikigusana zilisoma 0.3. Kwa hiyo ni 1.5.

Pointi, ambazo zina wiki mbili tu, zimegeuka rangi ya buluu na nyeusi, na moja ina kilima kidogo na nyingine ina shimo.

Fundi umeme (Moshi)

Tumefika. Koili hiyo si ya gari lako.

Ziko koili za aina mbili ambazo ukiziweka juu ya meza huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ya kwanza ina omu kama 3 na imetengenezwa kupokea volti 12 za gari moja kwa moja. Ndiyo inayostahili kukaa kwenye Landrova yako. Ya pili ina omu kama 1.5 na imetengenezwa kwa magari yenye resista ya nje (kizuizi cha umeme), ambayo huipunguzia umeme injini ikishawaka na kurukwa wakati wa stata ili cheche iwe kali asubuhi ya baridi. Ukiichukua hiyo ya pili ukaifunga bila resista, gari litawaka vizuri sana, tena utaisifu, na muuzaji atakuwa amefanya biashara. Piga hesabu: volti 11.7 zikigawanywa kwa omu 3 ni ampea 3.9, zikigawanywa kwa 1.5 ni ampea 7.8. Pointi zako zimekuwa zikikata umeme mara mbili ya ule ziliotengenezewa, ndiyo maana zimeiva buluu kwa wiki mbili, na koili imekuwa ikipokea mara mbili ya joto lake.

Kuhusu mlima, injini inapozunguka polepole pointi hukaa zimefunga kwa muda mrefu zaidi kila mzunguko, hivyo umeme unapata nafasi ya kupanda hadi kileleni. Injini ikienda kasi unakatwa kabla haujafika. Gia ya pili kupanda Soni, na upepo mdogo unaoingia kwenye boneti, ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa koili ya namna hiyo. Nyuzi zikipata joto kali insulesheni ya ndani inaanza kuvujisha zile volti kubwa, cheche inapotea, na ikipoa inarudi.

Chunguza kibandiko cha koili. Huenda kina maandishi madogo yanayotaka itumike pamoja na resista.

Lakini nina swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Ulisema umebadilisha koili katika hizo wiki tatu. Kabla hujaibadilisha, gari lilikuwa na ugonjwa gani?

Mleta uzi (Lushoto)

Maandishi yapo, upande uliokuwa umegeukia ukuta wa boneti. Nimeyasoma kwa kioo cha mke wangu.

Swali lako limenifanya nikae chini. Ugonjwa wa mwanzo haukuwa huu. Gari lilikuwa halizimiki kabisa. Lilikuwa likikatakata kwenye tambarare, hasa kati ya Korogwe na Mombo, nikienda kilomita 60 au 70 kwa saa bila kukanyaga sana. Ni kama mtu anazima na kuwasha swichi kwa haraka. Nikikanyaga zaidi linatulia. Nikiachia kabisa linatulia. Ndipo nikalipeleka kwa fundi, tukaanza kubadilisha vitu, na kilichofuata ni huu uzi.

Koili ya zamani sikuitupa. Ilikuwa kwenye kopo la misumari. Nimeipima sasa hivi: omu 3.2 baada ya kutoa zile 0.3.

Fundi umeme (Moshi)

Irudishe hiyo ya zamani, nunua pointi mpya, zifute kwa kitambaa chenye spiriti kwa kuwa huja na mafuta ya kuzikinga na kutu, na uziwekee nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, kile kisigino cha pointi kikiwa juu kabisa ya pembe ya shafti. Kondensa usiiguse, pointi zikifunguka bila kurusha cheche nene nyeupe, kondensa inafanya kazi. Panda Soni na mzigo, kisha turudi kwenye huo ugonjwa wa kwanza.

Mchangiaji mpya

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina Series IIA ya mwanzoni mwa miaka ya 60, na koili yake haina + wala −, ina herufi SW na CB. Je, vipimo ni vilevile?

Fundi umeme (Moshi)

SW ni upande wa swichi na CB ni upande wa pointi, kwa hiyo utaratibu ni uleule. Ila angalia betri yako kabla ya kuunganisha chochote: Landrova za kabla ya mwaka 1967 zilitoka kiwandani nguzo ya + ya betri ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, na nyingi zimegeuzwa na mafundi baadaye, nyingine hazijageuzwa. Usiamini unachoambiwa, fuata waya mnene kwa macho.

Mama Landrova (Arusha)

Habari zenu. Nimekuwa nikifuatilia uzi huu tangu mwanzo bila kuandika, lakini maelezo ya kaka mleta uzi kuhusu ule mkatiko wa tambarare yamenigusa kwa sababu gari la mume wangu liliwahi kunitesa hivyohivyo.

Tazameni mpangilio wenyewe: sailensa ni nzima, mwendo wa kati wa kukanyaga kidogo ni mbaya, kukanyaga sana ni nzima. Ndani ya injini ni kitu gani kinachofanya kazi kwenye mwendo wa kati tu? Ni lile kopo dogo la vakyumu, yaani la mvuto wa hewa, ubavuni mwa distribyuta. Bomba lake limeunganishwa na kabureta mahali ambapo kwenye sailensa hakuna mvuto, ukikanyaga kidogo mvuto unakuwa mkubwa, na ukikanyaga mpaka chini unapungua tena. Mvuto ukiwepo kopo linavuta bamba linalobeba pointi na kulizungusha kidogo ili moto uje mapema. Sasa bamba hilo linapozunguka, linavuta pia waya mdogo laini uliosukwa, unaoliunganisha na mwili wa distribyuta. Kaka, waya huo ndio njia ya umeme wa pointi kurudi kwenye bodi. Unapinda na kunyooka kila ukikanyaga na kuachia, kwa miaka zaidi ya arobaini. Ukikatika, bamba linabaki linategemea kugusa kwake tu kwenye grisi na vumbi, na hapo umeme unakwenda na kurudi unavyotaka.

Ukiwa umeegesha huwezi kuliona kosa hilo kwa sababu bamba halitembei. Ndiyo maana volti 0.2 zake zilionekana safi.

Kipimo chake hakihitaji safari. Chomoa bomba la vakyumu upande wa kabureta. Swichi ikiwa imezimwa, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye bamba la pointi, nyingine kwenye mwili wa distribyuta. Kisha vuta bomba kwa mdomo, taratibu, kama unayekunywa soda kwa mrija, huku ukitazama mita: omu zikiruka, waya umekatika. Ukiziba bomba kwa ulimi bamba likabaki pale lilipo, hata kopo lako ni zima. Likirudi lenyewe, mpira wa ndani umetoboka.

Fundi umeme (Moshi)

Dada, nakuvulia kofia. Mimi nilikuwa naelekea kwenye waya wa pointi, ule unaoingia kutoka nje, ambao nao hukatika ndani ya ganda lake kwa sababu ileile ya kupinda. Mleta uzi, ukimaliza kipimo cha dada, ushike na waya huo uutingishe huku mita ikiwa imeunganishwa. Ukinyooka kama mpira na kurefuka unapouvuta, shaba ya ndani imeshakatika.

Mleta uzi (Lushoto)

Wakuu, nina taarifa mbili.

Kwanza mlima. Jumamosi nilipanda kutoka Mombo na mifuko 14 ya mbolea, saa nane mchana, koili ya zamani ikiwa mahali pake. Kwenye kona zangu za kawaida nilipunguza mwendo kwa woga tu, kisha nikapita Soni, na nikafika Lushoto, kilomita kama 33, bila kufungua boneti. Niligusa koili nilipofika. Ilikuwa na joto, lakini kiganja kilikaa.

Pili, kipimo cha Mama Landrova. Niliketi juu ya tairi la akiba pale mbele na bomba mdomoni, mdogo wangu ameshika ncha za mita. Bila kuvuta ilisoma 0.4. Nilipoanza kuvuta ikaruka hadi 6, ikarudi 1, kisha tarakimu 1 ikasimama peke yake upande wa kushoto wa kioo, maana yake hakuna njia kabisa. Nikaachia, ikarudi 0.4. Nilirudia mara tano na kila mara majibu yalikuwa hayohayo. Niliziba kwa ulimi na bamba likabaki, kwa hiyo kopo ni zima.

Nikatoa kepu, rota na pointi, nikalegeza skrubu mbili za bamba. Ule waya uliosukwa ulikuwa bado umekaa mahali pake vizuri kabisa kwa macho. Nilipouinua kwa ncha ya bisibisi ulifunguka kama ufagio: nyuzi zote zilikuwa zimekatika karibu na kichwa chake isipokuwa mbili, nazo zilikuwa zinagusana tu bila kushikana. Kama ningeutazama kwa juu ningeapa kwamba ni mzima, na nina hakika fundi naye aliutazama kwa juu.

Hapa Lushoto sikupata waya kama huo, na niliogopa kuweka waya wa kawaida wa gari kwa kuwa ni mgumu na ungezuia bamba kutembea. Nilikata kipande cha sentimita 6 kutoka kwenye waya laini wa mita yangu ya zamani iliyokufa, ambao una nyuzi nyingi nyembamba mno, nikaulehemu pande zote mbili na kuuachia mkunjo wa kutosha. Sasa nikivuta bomba mita inasoma 0.3 tangu mwanzo hadi mwisho. Taimingi, yaani wakati wa moto kutoka, nimeiweka upya kwa balbu ndogo ya volti 12 iliyounganishwa kati ya alama ya − ya koili na bodi, nikizungusha kwa hendeli kuelekea alama ya kwenye puli mpaka balbu ilipowaka, yaani pale pointi zilipofunguka, kwa digrii za kitabu za injini yenye mgandamizo wa 8:1.

Jana nilikwenda Korogwe na kurudi. Kati ya kilomita 60 na 70 kwa saa gari lilikuwa linavuta kama uzi.

Mwenye Peugeot 504 (Nakuru)

Hongera sana, bwana. Nimeshawishika kwenda kuangalia omu za koili yangu, kwa maana hata kifaa changu cha elektroniki kilikuja na karatasi inayotaja omu, na sikuisoma.

Fundi umeme (Moshi)

Isome leo, bwana. Vifaa vingi vya aina hiyo vinakufa kwa koili ya 1.5 haraka kuliko pointi, na vyenyewe havigeuki buluu kukuonya.

Mleta uzi, koili mpya umeipeleka wapi?

Mleta uzi (Lushoto)

Duka lilikataa kuipokea kwa sababu imeshafungwa kwenye gari. Nimeiweka kwenye lile kopo la misumari, na nimeiandika ubavuni kwa rangi nyeupe: 1.5, INATAKA RESISTA YA NJE, USIFUNGE HUMU.

Dereva mstaafu

Na kitambaa?

Mleta uzi (Lushoto)

Kipo, mzee. Nafutia kijiti cha oili.